Mke Akishikwa na Uchungu, Funguo za Gari Mpe Mtu Mwingine

Kijana mmoja wa Nkuhungu kaniandikia juzi. Mke wake yuko wiki ya 37, yeye kanunua gari, IST, hivi karibuni, na swali lake ni moja: "Kaka, siku ikifika napaki wapi?" Wengine wangecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo swali limenitesa, na ukoo mzima wa mke wangu unalijua.

Jibu fupi: usipaki. Apaki mtu mwingine. Sasa nikueleze kwa nini.

Mtoto wetu wa kwanza alikuja jioni, Bunge la bajeti likiwa limepamba moto. Mnaoishi Dodoma mnajua mji unavyokuwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni: nyumba za wageni zimejaa, V8 kila kona, na jioni watumishi wanatoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kurudi mjini kwa barabara hiyohiyo tunayoitumia sisi wa Ihumwa. Uchungu ulikuwa umeanza tangu usiku wa kuamkia siku ile, lakini kliniki walimwambia asikimbilie hospitali mapema, naye akavumilia nyumbani hadi akaona sasa basi. Kiti cha nyuma kalala ubavu wa kushoto, kichwa mapajani kwa mdogo wake, na kila uchungu ukija ananipiga kofi la bega kama mimi ndiye niliyepanga ile foleni.

Tukafika saa ya kuona wagonjwa. Hospitali siitaji. Getini watu wamejaa na hotipoti na chupa za uji, bajaji zimejipanga mpaka barabarani. Mlinzi akachungulia dirishani, akamwona mke wangu, akafungua bila maneno. Mpaka hapo namshukuru. Mlango wa wodi ya wazazi kikaletwa kiti cha magurudumu, mke akakaa, shemeji akamfuata, na palepale mlinzi mwingine akaanza kugonga bodi la gari: "Toa gari mzee, hapa pa ambulansi." Haki yake, sibishi. Lakini alinigongea kabla sijafungua buti, na kila nikitaka kushuka ananigongea tena. Kwenye buti ndimo lilimokuwa begi: kadi ya kliniki, khanga, mpira wa kutandika, nguo za mtoto, na beseni juu yake. Gari likatoka na vyote.

Nikazunguka. Ndani kumejaa, na nje kila nafasi niliyoiona ina jiwe au tairi bovu, mwenye duka kasimama pembeni: "Hapa nasubiri mzigo." Simu ikaita, ni shemeji, nesi anataka kadi. Ikaita tena, kuna dawa za kununua. Ikaita tena, sikupokea maana nilikuwa narudi kinyumenyume kwenye upenyo wa kando ya gereji huku fundi ananipigia kelele kuhusu pikipiki zake. Nikakimbia na begi begani, beseni mkononi. Nilipofika mwanangu alishazaliwa, kafunikwa khanga ya mama wa kitanda cha jirani. Dawa shemeji alinunua kwa hela yake. Nilimrudishia siku ileile, na hilo naomba lijulikane, kwa sababu yeye akisimulia hulisahau.

Tangu hapo, kwenye kila shughuli ya ukweni, kipaimara iwe au msiba, nikichelewa kidogo tu utasikia mtu: "Shemeji yuko wapi?" Na wote kwa pamoja: "Anapaki!" Mtoto sasa anasoma, na bado wanacheka.

Vijana wengi wananiambia, kwani baba ana kazi gani pale, si hata ndani haingii? Ni kweli kwamba wodi nyingi za umma vitanda vimekaribiana, hakuna faragha, mwanaume anabaki nje. Lakini kule nje ndiko kwenye kazi. Nesi anatoka mlangoni anaita, "Ndugu wa fulani!" Kuna kontrol namba ya kulipia, kuna dawa, kuna sampuli ya kupeleka maabara, na mambo yakiharibika kuna damu ya kutafutiwa watu wa kuchangia. Anayeitwa ni wewe. Ukiwa unazunguka mtaa unatafuta pa kuegesha, jina la mke wako linaitwa na hakuna wa kuitika.

Wa pili nilijipanga. Nilimtafuta kijana wa jirani, mwenye leseni na asiye na papara, nikamwambia siku hiyo wewe ndiye dereva, simu usizime. Nikaenda naye hospitali kabla, makusudi saa ya kuona wagonjwa, maana ukienda Jumapili asubuhi utaona uwanja mtupu ujidanganye. Nikamsalimia mlinzi. Walinzi hawasalimiwi na watu, wanaulizwa tu kwa ukali, na mimi naamini nusu ya shida zetu getini zinaanzia hapo. Nikamuuliza geti lipi linafunguliwa usiku, na gari la kushusha mgonjwa linaruhusiwa kusimama wapi. Alinijibu kila kitu.

Siku ikafika, usiku wa manane. Begi likakaa miguuni kwetu, kwenye buti hakuna kitu, kadi mfukoni mwangu. Tukashuka wote na kila kilicho chetu, kijana akageuza gari akarudi nalo nyumbani. Kwisha. Nesi alipoita niliitika kabla hajamaliza jina. Binti alizaliwa nikiwa mlangoni, na shemeji alikosa la kusema, ingawa alilitafuta.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tafuta dereva. Na huyo dereva asikimbize gari. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018, linahesabu uchungu kuwa umekolea njia ikifunguka sentimita 5, na kutoka hapo anayejifungua mara ya kwanza kwa kawaida havuki muda wa saa 12, wa mara ya pili na kuendelea muda wa saa 10. Muda wa kwenda taratibu kwenye matuta upo. Ila akitoka damu nyingi, akipata degedege, au kichwa kikimuuma sana na macho kuona giza, hapo usikae kupanga mambo ya gari: piga 115, ni bure. Ni ule mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa 2022. Wanatuma ambulansi, na ikikosekana wanamtuma dereva wa jamii waliyemsajili.

Usidhani pia kwamba hospitali zote zinafanana. Ya mkoa iko katikati ya mji, ya Benjamin Mkapa iko kule UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nenda kaangalie ile mtakayojifungulia, si ile aliyokusimulia rafiki. Ushuru wa maegesho usikuchanganye, deni linalipwa kwa kontrol namba hata kesho yake. Usigombane na mkusanyaji mke akiwa leba.

Na kama dereva hapatikani, IST yako iache nyumbani. Chukua namba ya mtu wa bajaji au teksi unayemwamini, kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko dharau utakayoila ukweni. Mwambie mapema kwamba mtampigia usiku, mkubaliane bei, halafu mjaribu kumpigia saa tisa alfajiri siku yoyote kabla. Asipopokea, tafuta mwingine.