Usukani unacheza? Bisibisi iache kwanza

Pikapu yangu ni Hilux ya 1994, ile LN106 yenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kinachounganisha matairi yote mawili), springi za majani na injini ya dizeli ambayo Toyota wanaiita 3L. Tuko pamoja mwaka wa tisa. Imebeba nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mbao, na wafiwa wa mtaa mzima. Mwaka juzi ikaanza tabia. Barabara imenyooka, mimi nauzungusha usukani kushoto kulia kama nakoroga uji, na gari halina habari. Ikifika mwendo wa 60 hivi, tairi ikagonga shimo, mbele kote kunatetemeka mpaka nipunguze.

Kupona kulichukua miezi minne, na karibu fedha zote zilikwenda kwenye vitu ambavyo havikuwa vibovu.

Fundi wa kwanza hata chini ya gari hakulala. Alifungua boneti, akalegeza nati iliyo juu ya stelingi boksi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye matairi, akatia bisibisi kwenye skrubu ya katikati, akazungusha. "Jaribu sasa, bosi." Kweli, pleyi, yaani ule mchezo mtupu wa usukani kabla matairi hayajageuka, ilipungua. Nikalipa, nikashukuru. Kesho yake nashuka mlima Kitonga kwenda kuchukua vitunguu, nikakata kona, nikalegeza mikono usukani urudi kama kawaida yake. Haukurudi. Ulibaki palepale ulipokunjwa, na mbele yangu lori linapanda. Niliuvuta kwa mikono yote miwili, na sehemu iliyobaki ya mteremko niliishuka na gia ya kwanza, jasho linanitoka.

Ile skrubu ina kazi yake. Ndani ya boksi kuna parafujo yenye gololi, inasukuma meno ya shafti inayotoka chini. Skrubu inasogeza shafti hiyo ibane meno zaidi. Tatizo ni kwamba gari hutembea muda mwingi usukani ukiwa umenyooka, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayolika, ya pembeni yanabaki mapya. Ukikaza mpaka katikati pasicheze kabisa, ukikunja kona pembeni kunabana. Hicho ndicho kilichonikuta, na pleyi yenyewe wala haikuwa inatoka kwenye boksi.

Fundi wa pili alirudisha skrubu ilipokuwa, nikamwombea dua, kisha akaniuzia shokapu mpya ya usukani, ile inayolala kwa upande karibu na ekseli. Mtetemeko ukaisha. Miezi miwili nikatamba. Siku hizi nikisikia mtu anashauriwa aanze na shokapu hiyo huwa naingilia kati hata kama sijaulizwa. Ile kitu inameza mtikisiko, haiondoi ulegevu. Kilicholegea kinaendelea kulika kimyakimya, na siku shokapu ikichoka unakuta ugonjwa umekomaa. Katikati ya hayo nilibadilisha pia tairodi endi zote, yaani viungo vya mwisho wa fito za usukani, na kufanya alaimenti (kupima na kunyoosha matairi) mara mbili. Mara ya pili kijana wa alaimenti aliniambia ukweli: "Mzee, hii haishiki vipimo, kuna kitu kinacheza." Hela yake alichukua hata hivyo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa gereji ya uchochoroni pale Iringa. Nilimkuta amekaa kwenye rimu anakunywa chai. Nikamweleza. Akauliza, "Nani ametikisa usukani wakati wewe uko chini unaangalia?" Nikasema hakuna. Akacheka, akaweka kikombe chini.

Njia yake ndiyo nataka uichukue, maana haihitaji kifaa chochote zaidi ya mtu wa pili. Matairi yote yawe chini, gari limebeba uzito wake. Watu wengi wanakimbilia kupiga jeki. Tairi ikining'inia inakwenda na usukani bila ubishi, na viungo vilivyolegea havionekani. Pima upepo wa matairi kwanza, hilo dakika mbili tu. Kama usukani ni wa pawa, washa injini, weka gia huru na hendibreki, matairi ya nyuma uyawekee mawe. Mtu wako aketi kwenye usukani autikise kidogo kidogo kushoto na kulia, ule mwendo wa pleyi tu, asizungushe matairi. Wewe ingia chini kwa ubavu, ufuate njia ya nguvu kuanzia juu.

Angalia krosi ya kolamu, kile kiungo cha fito ya usukani, pale inapoingia kwenye boksi. Upande wa juu ukizunguka na wa chini ukachelewa, tatizo ni hapo. Shuka kwenye mkono unaotoka chini ya boksi. Usukani ukitikisika na shafti inayoingia inazunguka, lakini mkono umetulia tuli, hapo ndipo una haki ya kulilaumu boksi. Halafu weka kiganja juu ya boksi lenyewe. Likihema, yaani likisogea na chesisi imetulia, bolti zimelegea au chesisi imepasuka pale lilipofungwa. Pikapu za ekseli nzima zina ugonjwa huo, hasa zilizobeba mizigo mizito kwenye barabara mbovu. Futa tope kwa brashi ya waya ndipo uangalie, ufa haujitangazi.

Baada ya hapo ni viungo. Draglinki ni fito inayotoka boksini kwenda kwenye tairi la upande wa dereva, kisha fito ndefu iitwayo tairodi inapeleka nguvu upande wa pili. Kila kiungo kishike kwa kiganja, nusu ya vidole upande huu, nusu upande ule. Macho hudanganya, lakini kiganja kinasikia "tik" hata kabla haijaonekana. Usikibane kiungo kwa koleo halafu useme kinacheza; hata kipya kitacheza ukikibana namna hiyo.

Kwangu, viungo vyote vilikuwa vimetulia, si nilikuwa nimevinunua juzi? Lakini mzee alishika draglinki ikawa inakwenda vizuri, inasukuma mkono uliofungwa juu ya nakolo ya tairi (kile chuma kinachobeba tairi na kugeuka nalo), na nakolo nzima inainama kwanza ndipo ikunje. "Hii hapa," akasema. Sasa ndipo tukapiga jeki, na stendi chini ya ekseli, maana jeki peke yake imeshaua watu. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akaniambia nikanyage breki. Likacheza vilevile. Ungekuwa ulegevu wa beringi za tairi, breki ingeufunga. Ulioendelea breki ikiwa imekanyagwa uko kwenye beringi za kingipini, zile za juu na chini ambazo nakolo inageukia.

Tulipofungua tulikuta uji mweusi. Sili ya ndani ya ekseli ilishakufa, mafuta ya difu yakahamia kwenye tufe la mwisho wa ekseli ambalo nakolo inalizunguka, yakachanganyika na grisi, na maji ya madimbwi yakapita kwenye sili ya nje iliyopasuka. Beringi ya chini ilikuwa na kutu na mikwaruzo kama imechongwa kwa patasi. Dalili nilikuwa nayo muda mrefu: ndani ya rimu ya mbele kulia palikuwa na mafuta meusi yaliyochuruzika. Mimi nilidhani ni grisi tu, nikawa nafuta.

Ukifikia hatua hiyo, badilisha pande zote mbili: beringi nne, vikombe vyake, na sili zote za ndani na nje. Kubadilisha beringi ukaacha sili ni kuzipeleka zile mpya kaburini. Ule mkono wa juu umefungwa kwa nati nne zenye washa za koni. Washa hizo hazitoki kwa kubembelezwa wala kwa bisibisi. Gonga pembeni ya mkono kwa nyundo mpaka zichomoke zenyewe. Chini ya mkono kuna shimu, vipande vyembamba vya bati, na chini kabisa kwenye kifuniko kuna nyingine. Hizo ndizo zinazoamua beringi zibanwe kiasi gani na nakolo ikae katikati. Zifunge kwenye mfuko mmoja mmoja, uandike "kulia juu", "kulia chini". Zikichanganywa, kazi inaanza upya. Mzee alipima mkazo kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama, akiivuta nakolo kabla ya kufunga tairodi. Ikienda kwa ulaini kama mlango uliopakwa mafuta, bado imelegea.

Wakati wa kurudisha tairodi, nati yenye meno ikipita tundu la pini inayoizuia kulegea, usiirudishe nyuma kutafuta tundu. Kaza mbele mpaka tundu linalofuata. Na kama unabadilisha endi, hesabu raundi unapoifungua, ili gari liweze angalau kufika kwenye alaimenti.

Toyota wanaruhusu pleyi isizidi milimita 30, ukipimia kwenye ukingo wa usukani. Yangu ilikuwa 70 na ushee. Ikashuka hadi 35. Hapo ndipo mzee alichukua bisibisi, matairi yamenyooka, draglinki imefunguliwa, akakaza skrubu ya boksi kwa chini ya robo raundi, akizungusha usukani mwisho hadi mwisho kila mara kusikiliza kama unabana. Tukabaki na 20. Sifuri hutaipata kwenye gari la umri huo, na ukiipata kuna kitu umekibana kupita kiasi.

Baada ya kilomita 500 alinitaka nirudi azikague zile nati nne za mkono. Niliona ananisumbua. Nilipokwenda, mbili zilikubali robo raundi.