Re: Tenki nusu ni hatari kuliko lililojaa?

Mkuu, umesema umezoea semi ya makontena na sasa umepewa tenki la petroli Dar–Tunduma, ukauliza kama kweli tenki nusu ni baya kuliko lililojaa. Ni kweli kabisa.

Likijaa, mzigo unatulia. Likiwa nusu, ukishika breki mafuta yanakimbilia mbele, yanagonga, yanarudi nyuma. Gari limeshasimama lakini unahisi kama mtu anakusukuma mgongoni. Kuta za ndani zenye matundu zinapunguza mkimbio huo wa mbele na nyuma, ila ule wa pembeni haziuzuii, na ndio unaopindua watu kwenye kona. Kwenye mteremko mkali wa Kitonga, Iringa, punguza gia ukiwa bado juu. Usisubiri breki zianze kunuka.

Wakati wa kushusha, waya wa athi (unaopeleka umeme tuli ardhini usizue cheche) ufungwe kabla ya mpira wa kushushia mafuta, utolewe mwisho. Utingo wangu wa kwanza aliuona usumbufu. Nilimkatalia hadi akazoea.

Tenki likianguka, kazi yako ni kuwafukuza watu, hata wakutukane. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka, wengi wakiwa wamekwenda kuchota. Kile kibao cha chungwa cha kwenye tenki, 33 juu (kimiminika kinachowaka kwa urahisi sana) na 1203 chini (petroli), zimamoto wanakisoma wakiwa mbali, kwa hiyo kifute tope.

Na ukihamishiwa mzigo wa salfa (kiberiti) wa kwenda Kongo usidhani umepumzika: vumbi lake hushika moto kwa cheche ndogo tu.