Uliza Tukujibu: Kabineti ya kwanza ya Kenya na ule ubishi wa Nakuru

Wasomaji wetu, tangu tuseme toleo hili tutajibu maswali ya serikali ya kwanza ya Uhuru wa 1963, barua zimekuja nyingi mpaka zingine zimebaki nje. Nimechukua nne ambazo mambo yake yalikua yanarudi rudi.

SWALI (msomaji wa Molo): Mzee wangu anasema Moi alikua waziri kutoka siku ya kwanza ya Uhuru, mimi nasema hapana. Nani yuko sawa?

JIBU: Wewe uko sawa, lakini usimcheke mzee, manake kuna mahali anatoa hiyo. Kabla ya Uhuru, 1961 na 1962, Moi alishakua waziri, kwanza Elimu alafu Serikali za Mitaa, wakati chama chake KADU kilikua serikalini. Sasa KANU, chama cha Kenyatta, ikashinda uchaguzi wa Mei 1963, Kenyatta akaapishwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, ndio hiyo Madaraka tunasherehekea, na kabineti aliyounda ilikua ya KANU. Ronald Ngala, kiongozi wa KADU, na Moi wakabaki upinzani, Moi akiongoza jimbo la Bonde la Ufa kwa ile katiba iliyopa kila jimbo serikali yake. KADU ilivunjwa Novemba 1964 wakahamia KANU, na mwezi uliofuata nchi ilipokua jamhuri Moi akapewa Mambo ya Ndani, kiti ambacho Jaramogi Oginga Odinga alikua amekalia tangu Madaraka.

Na mwambie mzee pia hii, 1963 Kenyatta hakua Rais. Mkuu wa nchi alikua bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa hapa na Malcolm MacDonald, mpaka 12 Desemba 1964.

SWALI (mwalimu, Mbale, Vihiga): Sisi watu wa magharibi na Nyanza tulikua na nani kwa hiyo meza ya kabineti?

JIBU: Mlikua na watu wazito mwalimu. Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo, Mambo ya Ndani. Tom Mboya, kwao Rusinga ingawa kura alipigiwa Nairobi, Sheria na Katiba. Samuel Ayodo wa Kasipul, Serikali za Mitaa. Lawrence Sagini wa Kisii, Mali Asili. Na wa kwenu kabisa, Joseph Otiende wa Vihiga, Elimu.

Huyu Otiende ndio nataka tumkalie kidogo, kwa sababu inaniuma vile hatajwi. Alipoingia kwa hiyo wizara shule zilikua zimegawanywa kwa rangi, za Wazungu kando, za Wahindi kando, za Waafrika kando, na za Waafrika ndio zilikua zinapata kidogo kabisa. Desemba hiyo hiyo ya Uhuru wizara yake ikaunda ile tume ya Simeon Ominde, ambayo ilisema shule zote ziwe chini ya mfumo mmoja wa taifa. Wewe mwalimu unaingia darasani kila asubuhi ndani ya kazi iliyoanzia kwa meza ya mtu wa kijijini kwenu, waambie wanafunzi.

SWALI (dada wa Nyalenda, Kisumu): Kwa ile picha ya hao mawaziri wa kwanza naona wanaume tu. Kweli hakukua hata mama mmoja?

JIBU: Hata mmoja dada. Na si ati kina mama hawakua wamepigania nchi, walipigania, wakafungwa, wakabomolewa nyumba. Kisumu yenu ndio ilifungua njia, Grace Onyango akawa meya hapo 1965 na 1969 akachaguliwa mbunge wa Kisumu Town, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya nzima. Halafu Julia Ojiambo wa Busia akaingia bunge la 1974 akawa waziri msaidizi. Lakini waziri kamili tulingoja mpaka 1995, Nyiva Mwendwa alipopewa Utamaduni na Huduma za Jamii. Hesabu mwenyewe kutoka 1963, ni miaka 32. Na Nyiva aliolewa kwa kina Eliud Mwendwa, waziri wa Leba wa ile kabineti ya kwanza, alikua shemeji yake.

SWALI (msomaji wa Bondeni, Nakuru): Tumebishana na babangu tangu Jumapili. Yeye anasema Achieng Oneko alikua mbunge wetu hapa Nakuru, mimi nasema Oneko ni mtu wa Siaya, kura za hapa angetoa wapi? Na yule waziri mzungu wa kilimo aliingia aje kwa serikali ya Waafrika?

JIBU: Babako anasema ukweli mtupu. Mei 1963 Nakuru Town ilimchagua Ramogi Achieng Oneko, mzaliwa wa Rarieda, na Kenyatta akampa Habari, Utangazaji na Utalii. Siku hizo waziri lazima atoke bungeni, si kama sasa katiba ya 2010 inakataza, kwa hivyo ni kura za Nakuru zilimpeleka kwa hiyo meza. Na kumbuka huyu ni mmoja wa wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa na Mwingereza pamoja na Kenyatta kwamba wanaongoza Mau Mau, mahakama ya rufaa ilimwondolea hatia na bado Mwingereza akamzuilia miaka. Kwa wale sita, ni yeye na Kenyatta tu walikua kwa kabineti ya kwanza. Redio ya taifa ilipochukuliwa na serikali 1964 ikaitwa Sauti ya Kenya, ilikua chini ya wizara yake.

Kura alitoa wapi? Kwa watu kama nyanya yangu mzaa mama. Alikuja Nakuru kutoka Murang'a, akaishi kwa nyumba za reli, jirani mmoja Mluhya, mwingine Mjaluo, choo moja, bomba moja. Ukutani alikua na picha ya mawaziri imekatwa kwa gazeti, imebandikwa kwa gundi ya unga, imekua rangi ya chai ya maziwa. Alikua anapitisha kidole kwa mmoja mmoja akitaja majina, akifika kwa Oneko anagonga mara mbili anasema, "Huyu nilimpigia mimi." Hakuwahi kuniambia Oneko ni wa kabila gani, hiyo nilikuja kusoma mwenyewe nikiwa mkubwa.

Huyo mzungu ni Bruce McKenzie, mzaliwa wa Afrika Kusini, mkulima wa hapo tu Solai, na alishajiunga na KANU kabla ya Uhuru. Mashamba makubwa yalikua mikononi mwa walowezi na wengi walikua wanafunga mizigo, nchi ilihitaji mtu wangemskiza. Agosti 1963 Kenyatta mwenyewe alikuja hapa Nakuru akaongea na hao wakulima wazungu akawaambia wabaki walime, na kila upande usamehe mwingine. Kuna watu wetu ambao hawakuipenda hiyo hotuba, walikua wanangoja mashamba, na mimi nawaelewa, manake wengine wao walikufa bado wanangoja.

Sasa babako amekwambia ilivyoisha? Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, Oneko akaacha uwaziri akamfuata kwa chama chake kipya, KPU. Katiba ikabadilishwa haraka haraka, mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapiga kura, na kwa ile chaguzi ndogo ya viti 29 KPU ilibaki na 9 tu. Nakuru Oneko alishindwa. 1969, baada ya ile damu ya Kisumu, polisi walipopiga watu risasi Kenyatta alipotembelea mji huo, akawekwa kizuizini, safari hii na serikali aliyosaidia kuunda, mpaka 1975. Nyanya hakuitoa picha. Oneko alirudi bungeni 1992 na chama cha FORD-Kenya, lakini alichaguliwa Rarieda, kwao.