Wikiendi ya Zanzibar: usikubali kulazwa Nungwi

Mkuu, usilipe hicho kifurushi. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema wewe na mkeo hamjawahi kufika Zanzibar, mnataka kuuona Mji Mkongwe, mnaondoka Dar Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni mnarudi kwa sababu Jumatatu ni kazi. Halafu umebandika tangazo la dalali: boti kwenda na kurudi, usiku mmoja Nungwi, kifungua kinywa, na mwisho kabisa "Mji Mkongwe Jumapili, njiani kuelekea bandarini". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikausha mfuko, na zaidi ya mfuko.

Nilimpeleka mama yangu kwa kifurushi cha namna hiyohiyo. Mama amefundisha historia shule ya msingi mpaka akastaafu. Soko la watumwa, Sultani Barghash, mkataba wa 1873 uliolifunga soko lile, yote hayo aliyaandika ubaoni kwa chaki miaka nenda rudi na hakuwahi kuyaona kwa macho yake. Nilitaka akasimame pale. Dalali nilimpata kwenye kundi la WhatsApp na nikamweleza wazi kwamba safari ni ya mama na ni kwa ajili ya mji. Akanijibu, "Kaka usijali, Nungwi na mjini ni pua na mdomo."

Pua na mdomo! Nungwi ipo ncha ya kaskazini kabisa ya Unguja, karibu kilomita 60 kutoka bandari ya Malindi, hapohapo mjini Zanzibar. Gari likiwa lenu peke yenu na dereva hana shughuli zake, bado ni saa moja na ushee. Sasa gari la kifurushi halina siku likawa lenu peke yenu.

Tulishuka kwenye boti asubuhi. Pale bandarini Malindi ukitoka getini umeshafika, Mji Mkongwe unaanzia hapohapo, na mpaka Forodhani, ile bustani ya ufukweni, unatembea tu kwa miguu. Sisi tukaingizwa kwenye Hiace, tukakaa humo jua linapanda, tukisubiri abiria wa boti iliyofuata kwa sababu gari halijajaa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huo mji si ndio huu?" Nikamwambia tutakuja kesho, mama. Tulifika Nungwi mchana umeshakwisha. Bahari ya Nungwi ni nzuri, sitasema uongo, mchanga wake mweupe na machweo yake yana sifa zake. Lakini mama hakuwa amekuja kuogelea.

Jumapili dereva akaja amechelewa. Akapitia Kendwa kuchukua wateja wengine wa dalali huyohuyo, na mmoja wao alikuwa bado yuko majini. Mahonda trafiki akatusimamisha, makaratasi ya gari yakawa na maneno. Mama amekaa dirishani, mkoba mapajani, kila baada ya muda anaangalia saa yake na hasemi kitu. Tulipoingia mjini dereva akanyoosha kidole kuelekea kwenye mapaa ya mabati nyuma ya maduka: "Mji Mkongwe ndio ule." Basi. Hiyo ndiyo ziara niliyoilipia. Bandarini tukakuta geti limefungwa na boti ya mwisho inageuza.

Tiketi zikawa zimekufa. Nikanunua nyingine za kesho yake asubuhi, nikatafuta pa kulala giza likiingia, nikampigia bosi simu ya kuomba radhi. Dalali nilipompata hewani akasema ucheleweshaji ni wa dereva, nimuulize dereva. Dereva naye akasema yeye anapokea amri za dalali. Kisha dalali akaniambia, na hili sijalisamehe mpaka leo, "Lakini mji si mmeuona mkipita?" Mtu umemweleza ndoto ya mama yako, anakuambia ameiona akipita.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachonifanya niandike kirefu. Tulipata chumba kwenye nyumba ya wageni uchochoroni Malindi, ngazi zimesimama wima, boriti za mikoko zinaonekana darini. Baada ya isha nikamwambia mama tutoke tukatafute chakula. Makundi ya watalii yenye waongozaji yalikuwa yameshaondoka. Vichochoro vimepoa, magari hayaingii humo, unasikia kandambili za watu na redio za ndani ya nyumba. Wazee wamekaa barazani wanatusalimia. Tukala urojo kwa mama mmoja nje ya mlango wake, wenye kachori, bhajia na embe mbichi ikikuna ulimi. Mama akawa anasimama kila mlango. Akaniita nishike misumari ya shaba kwenye mlango mmoja, mikubwa, imechongoka, halafu akanionyesha mnyororo uliochongwa kwenye fremu kuanzia chini mpaka juu. Milango yenye kichwa cha mraba ni ya mtindo wa Kiarabu wa zamani, yenye kichwa cha nusu duara ilikuja na ushawishi wa Kihindi. Alikuwa anafundisha tena. Saa moja asubuhi tukapanda boti, Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, bado hajapaona, lakini nilikuwa nimeshaelewa: laleni ndani ya Mji Mkongwe. Mengine yote kwenye safari ya siku mbili yanafuata hilo.

Piga hesabu mwenyewe. Boti ya asubuhi inachukua kama saa 2, saa tatu na nusu hivi mpo Zanzibar. Mkilala mitaa ya Mji Mkongwe kama Malindi, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini au Shangani, mnaacha begi mapokezi hata kama chumba hakijawa tayari, na mnatoka kwa miguu. Jumamosi nzima ni yenu, usiku ni wenu, alfajiri ya Jumapili ni yenu, na mchana mnatembea mkiwa mnajua boti iko umbali gani. Mkilala Nungwi, saa za mchana zinaishia barabarani na usiku mnauacha mji nyuma yenu. Hata hoteli ya mjini ikiwa ghali kidogo, nauli ya teksi na muda uliookoa vinarudisha hela hiyo.

Jumamosi nendeni Mkunazini kwanza, kwa sababu Jumapili asubuhi kanisani kuna ibada. Nilimrudisha mama baadaye, safari hiyo tukalala mtaa huohuo. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa juu ya soko lenyewe la watumwa. Mbele ya madhabahu kuna mviringo wa marumaru nyeupe uliozungukwa na nyekundu, ndipo inaposimuliwa kuwa ulisimama mti ambao watu walifungwa wakichapwa. Kuna msalaba mdogo wa mbao uliotokana na mti ambao moyo wa Livingstone, yule mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa, ulizikwa chini yake kule Chitambo, Zambia ya leo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, kaburi lake liko nyuma ya madhabahu, na sisi tunaotumia Kiswahili tunapaswa kumjua kwa sababu alikiandikia sarufi na kukitafsiria sehemu kubwa ya Biblia. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Mama alikaa pale muda mrefu na sikumharakisha, na hapakuwa na dereva wa kumpigia honi. Nendeni na mwongozaji wa palepale, msipite tu mkipiga picha.

Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu la Barghash, iliyojengwa 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo msiipangie muda mkubwa, mtaiona kwa nje mkiwa Forodhani. Ngome Kongwe iko jirani yake, Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtoa Mreno 1698. Jioni Forodhani kaeni mkila mishikaki na juisi ya miwa, ila uliza bei kabla samaki hajawekwa kwenye sahani. Mkeo akichoka na umati, nendeni Jaws Corner, kijiwe cha kahawa ndani ya Mji Mkongwe, mkanywe kahawa chungu na kusikiliza wanaume wakibishana siasa.

Nungwi ifanyieni wikiendi yake. Mtu akikuambia unaweza kula vyote viwili kwa siku mbili, muulize yeye analala wapi akienda.

Tiketi: kata mwenyewe dirishani, ng'ambo ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Posta, Dar, au mtandaoni kwa kampuni yenyewe. Mwendokasi inakushusha Posta ya Zamani. Wale vijana watakaokufuata nje wakikuita "bosi" wapite kushoto. Majina kwenye tiketi yafanane na ya kwenye vitambulisho vyenu, na kitambulisho chenyewe msikisahau nyumbani Kimara halafu mkaanza kulia getini. Tiketi ya kurudi chukua kabla hujaondoka Dar, Jumapili jioni boti hujaa.

Sasa huyo dalali. Kama hujamlipa, mwambie hapana na uache kujibu meseji zake. Kama umeshamtumia kianzio, mpigie leo, mwambie akuhamishie chumba kiwe mjini na aondoe gari kwenye hesabu kwa sababu hulihitaji. Mwache aandike jina la nyumba ya wageni na mtaa wake, kisha upige simu hapo mwenyewe kuhakikisha mna chumba kwa jina lenu. Akianza kukuambia habari za pua na mdomo, mdai hela yako kabla hajaituma hotelini Nungwi.