Tomcat nyumbani: kabla hujasakinisha upya, fungua logi

Dada yangu anauza vifaa vya ujenzi kwenye fremu iliyo mbele ya nyumba yetu, Kihonda, Morogoro. Mwaka juzi binamu yetu alimpa mfumo wa stoo aliouandika kwa Java alipokuwa chuoni: faili moja la WAR (programu ya wavuti ya Java iliyofungashwa pamoja), lenye ukurasa wa kuingizia mzigo, wa kuuzia, na ripoti ya jioni. Kazi ya kuuwasha ikaniangukia mimi. Nilikuwa na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4. Nikaiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, nikaamua nitumie Apache Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java. Ilinila wiki nzima.

Wiki ile ilipotea kwa sababu moja. Kila kitu kilipogoma, nilifuta na kusakinisha upya, mara tatu. Na mara zote tatu sababu ilikuwa imeshaandikwa ndani ya folda ya logs, mahali Tomcat inapoandika kinachotokea, nami sikuifungua.

Tatizo la kwanza lilikuwa poti, yaani namba ya mlango ambao programu husikilizia maombi ya mtandao. Tomcat husikiliza kwenye poti 8080. Nilianza kwa kuisakinisha kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, nikaona folda zake zimetawanyika sehemu nyingi, nikapakua nyingine kutoka tovuti ya Apache na kuifungua kwenye folda yangu. Ile ya kwanza sikuizima, ikawa inajiwasha yenyewe kila kompyuta inapowaka. Nikiendesha startup.sh ya ile ya pili, kidirisha cha amri kinaniambia Tomcat imewaka. Nikifungua kivinjari, ukurasa wa Tomcat unatokea. Naweka WAR kwenye webapps, naburudisha ukurasa: 404, yaani haupatikani. Kumbe naweka mzigo kwenye nyumba moja na kwenda kubisha hodi nyingine. Maneno ya startup.sh yanamaanisha tu kwamba Java imeanza kuendeshwa. Kama poti imepatikana au la, utajua kwenye catalina.out, faili kuu la logi, na mimi humo kulikuwa na BindException (kosa la poti kuwa imeshakaliwa) tangu usiku wa kwanza. Amri ya <code>sudo ss -ltnp</code> inakuonyesha nani amekalia poti gani. Chagua Tomcat moja, nyingine iondoe kabisa.

Tatizo la pili ndilo ninaloona likiwachosha wengi, kwa hiyo hapa tutulie kidogo. Programu za Java za wavuti zilizoandikwa zamani huita maktaba zinazoanza na jina javax.servlet. Oracle ilipoikabidhi Java EE, viwango vinavyojumuisha maktaba hizo, kwa Eclipse Foundation, jina la javax halikwenda nayo, kwa hiyo matoleo mapya yakahamia jina la jakarta. Tomcat 9 inaelewa javax. Tomcat 10 na kuendelea inaelewa jakarta. Mfumo wa binamu ulikuwa wa javax, na mimi nilikuwa nimepakua Tomcat 10 kwa kuamini kwamba kipya ndicho bora. Catalina.out ilisema tu kwamba kichujio (filter), kipande cha programu hiyo, kimeshindwa kuanza, na maelezo kamili yako kwenye logi nyingine. Hiyo nyingine ni lile faili linaloanza na neno localhost likifuatiwa na tarehe. Ndani yake: NoClassDefFoundError, javax/servlet/Filter, yaani Java imeitafuta maktaba ya javax na kuikosa. Mstari huo mmoja ulitosha kunipa jibu zima.

Una njia mbili. Rudi Tomcat 9, au baki na 10 kisha weka WAR kwenye folda iitwayo webapps-javaee badala ya webapps. Kama folda haipo, itengeneze. Tomcat itabadilisha majina yenyewe na kuweka nakala iliyobadilishwa kwenye webapps. Mimi nilitumia njia ya pili na mfumo ukawaka. Angalia na toleo la Java pia: Tomcat 9 inataka Java 8 au zaidi, 10.1 inataka 11, na 11 inataka 17.

Kuufungua mfumo kwenye simu ya dada kulikuwa rahisi. Nikaingia kwenye ruta nikaitengea laptopu anwani isiyobadilika, 192.168.1.20, nikaruhusu poti 8080 kwenye ukuta wa moto kwa vifaa vya mtandao wa nyumbani peke yake, basi. Bando likiisha duka linaendelea kuuza, maana simu na seva zinaongea kupitia ruta bila kutoka nje. Laptopu ikifunikwa isilale: weka HandleLidSwitch=ignore kwenye logind.conf. Nikaongeza na setenv.sh, faili la mipangilio ya Tomcat, yenye -Xmx512m (kikomo cha kumbukumbu) ili Java isiinyang'anye kumbukumbu MySQL, hifadhidata ya mfumo.

Watu huniuliza kwa nini sijaitoa kwenye intaneti ili dada aone mauzo akiwa safarini. Kwanza, laini nyingi za nyumbani hazina anwani yake ya umma. Ukiona ruta yako imepewa anwani ya nje inayoanza na 100.64 hadi 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine, na kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia kitu. Pili, hata ningeweza nisingethubutu. Tomcat ikiachwa wazi kwa dunia, roboti hupita zikijaribu ukurasa wa manager, wa kuisimamia Tomcat, kwa majina na nywila zinazofahamika. Kama huutumii, ufute, pamoja na folda za examples na docs. Ukilazimika kuufikia mfumo ukiwa mbali, tumia VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani.

Umeme nao. Laptopu ina betri, kwa hiyo seva haizimiki. Lakini siku ya kwanza umeme ulipokatika dada alikuja mbio: "Mdogo wangu, mfumo umekufa na mteja amesimama na orodha ya nondo!" Mfumo ulikuwa mzima. Iliyozimika ni ruta. Nikanunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya ruta, nayo inatuvusha saa kadhaa. Data naitoa kila usiku kwa mysqldump, amri ya kunakili hifadhidata, nakala moja inakwenda kwenye flashi inayokaa kabatini, na mara moja kwa mwezi nairudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine nione kama kweli inafunguka.

Nilipokuwa Dodoma juzi dada akapiga: kila anachouza kinakataa kuhifadhi. Nikamwambia aandike <code>df -h</code> anisomee mstari unaoishia na alama ya mkwaju (/) peke yake. "Asilimia mia moja," akasema. Diski imejaa, na iliyoijaza ni catalina.out yenyewe. Mafaili ya logi yenye tarehe hugawanywa kila siku, lakini catalina.out hupokea kila kinachochapishwa na programu na, kwa Tomcat uliyopakua mwenyewe, hurefuka bila kikomo. Mfumo wa binamu ulikuwa unachapisha kila ombi la hifadhidata tangu siku ya kwanza. Nilimwelekeza alimwage kwa <code>truncate -s 0</code>, mauzo yakaendelea, na niliporudi nikaliwekea logrotate, programu ya kugawanya logi, yenye copytruncate (hunakili faili kisha hulimwaga), ligawanywe kila wiki na zibaki nakala nne.