Nimekloni kwa depth 1, mbona kila mstari kaandika bosi?

SWALI: Kaka za kazi, ripo (folda la msimbo linalotunzwa na Git pamoja na historia yake) ya ofisini kwetu ni kubwa balaa nikaona bando litakata njiani, nikakloni na --depth 1. Sasa git blame, ile amri ya kuonyesha nani kaandika kila mstari, inasema faili zima kaandika bosi wakati nusu ya zile funksheni niliandika mimi mwaka jana, na branchi (tawi la kazi) ya dev siioni hata nikipiga git branch -a. Kilichonichosha kabisa, nimekloni ripo nyingine iliyoko humuhumu kwenye laptop, depth 1 vilevile, ikaja na historia yote! Tatizo ni Git au mimi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Git ni nzima, na bosi hajakuibia kazi. Ulichopewa ni komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja tu, ile ya mwisho, na inaonekana bosi ndo alikomiti mwisho. Blame inatafuta mstari uliingia lini kwa kurudi nyuma komiti hadi komiti, ikifika pale palipokatwa haioni mzazi (komiti iliyotangulia), basi kila kitu inamtupia aliyepo hapo. Angalia vizuri utaona kialama ^ mbele ya namba ya komiti, na git log itakuonyesha neno grafted, yaani historia imekatwa hapo. Fungua hata .git/shallow, komiti yenyewe imeandikwa mle.

Branchi sasa. Ukiweka --depth inajiwasha na --single-branch (leta branchi moja tu) kimyakimya, hapa ndo wengi wanaumia na mimi naona si haki. Tena ukiishia kwenye --unshallow (ile ya kuleta historia iliyokatwa) utaletewa historia ya branchi ileile uliyonayo, kwa hiyo piga hizi mbili, ukianza na ya kwanza inayoruhusu branchi zote:

git remote set-branches origin '*'
git fetch --unshallow

Kama unataka dev tu bila historia, unaweza kuivuta nayo kwa depth 1, ila usije ukajaribu kuimeji (kuiunganisha na branchi yako), Git itagoma ikisema unrelated histories maana babu yao wa pamoja hayupo kwenye mashine yako.

Hiyo ya laptop, --depth haifanyi kazi ukitoa njia ya kawaida ya folda, warning inatoka lakini nani anasoma, weka file:// mbele na njia kamili.

Siku nyingine bando likibana kloni na --filter=blob:none, komiti zote zinakuja ila yaliyomo kwenye mafaili ya zamani yanabaki seva mpaka yahitajike. Blame itasema ukweli, ila uwe na neti wakati unaipiga maana itaanza kuvuta matoleo ya nyuma ya hilo faili.