Maswali ya Kompyuta: Kadi Mpya ya Diski na Draiva Zinazogombana

SWALI: Nimeongeza kadi ya SATA (ya kuunganishia diski) yenye poti nne kwenye kompyuta ya Windows 10. Niliweka draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) iliyokuja na CD yake, ikagoma. Nikapakua nyingine mtandaoni. Sasa Device Manager inaonyesha pembetatu ya njano na "Code 10" (kifaa kimeshindwa kuanza), na kompyuta inachukua muda mrefu kuwaka. Kila nikiiondoa draiva, nikiwasha upya naikuta imerudi. Tatizo ni kadi?

JIBU: Pengine kadi ni nzima. Draiva inarudi kwa sababu ulichoondoa ni kifaa kwenye orodha tu, huku furushi lake likiwa bado kwenye ghala la draiva za Windows. Kompyuta ikiwaka, Windows huchagua upya: draiva inayotaja namba kamili ya chipu huishinda draiva ya jumla, hata kama ya jumla ndiyo ingefanya kazi vizuri. Kwa hiyo ile mbovu itaendelea kushinda mpaka uifute ghalani.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha diski yenye Windows imechomekwa kwenye poti ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), si kwenye kadi. Kisha itambue chipu. Fungua Device Manager, bofya kulia kwenye kadi, chagua Properties, halafu Details, halafu Hardware Ids. Ukiona VEN_1B21, chipu ni ya ASMedia. VEN_197B ni JMicron. VEN_1B4B ni Marvell. Jina lililochapishwa kwenye boksi halina uzito hapa, kwani kampuni nyingi huuza kadi zilizojengwa juu ya chipu hizo hizo.

Katika orodha hiyo hiyo tafuta herufi CC. Ikiwa ni CC_010601, kadi inazungumza AHCI ya kawaida (lugha ya pamoja ya vifaa vya SATA), na draiva ambayo Windows huja nayo inaitosha. CD hukuihitaji kabisa. Ikiwa ni CC_0104, kadi iko katika hali ya RAID (diski kadhaa kuunganishwa zifanye kazi kama moja). Hiyo ndiyo inayodai draiva ya mtengenezaji wa chipu.

Kwa kadi ya AHCI, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

pnputil /enum-drivers

Zitatokea draiva zote zilizoongezwa, kila moja na jina kama oem12.inf pamoja na jina la aliyeitoa. Tafuta zile mbili ulizoweka, kisha uzifute moja moja, ukiweka namba uliyoiona wewe:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Usibahatishe namba, jirani yake kwenye orodha anaweza kuwa draiva ya kadi ya picha. Washa upya. Kadi isipopewa draiva ya Windows yenyewe, rudi kwenye Device Manager, Update driver, Browse my computer, Let me pick, halafu chagua Standard SATA AHCI Controller. Programu za "kusasisha draiva zote" ziondoe pia, maana ndizo hurudisha furushi ulilokwisha kulifuta.

Ikiwa Code 10 imebaki ingawa draiva ni ya Windows, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, uihamishie kadi kwenye sloti nyingine na uiwashe bila diski yoyote juu yake. Ikikubali ikiwa tupu, rudisha diski moja moja: diski mbovu moja inaweza kuifanya kontrola nzima (chipu inayoziongoza diski) ishindwe kuanza.

SWALI: Baada ya kuweka kadi yenye RAID niliingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijaanza) nikabadilisha SATA kutoka AHCI kwenda RAID. Sasa napata skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

JIBU: Rudisha AHCI na Windows itawaka. Mpangilio ule unahusu poti za mazabodi peke yake. RAID ya kadi ina menyu yake. Skrini ya bluu inatokea kwa sababu Windows inapoanza hupakia tu draiva za diski inazojua inazihitaji, na ya RAID haikuwamo.

Ukiwa na sababu ya kweli ya kubadilisha, pitia hali salama (Safe Mode). Ndani ya Windows andika bcdedit /set safeboot minimal, washa upya, ingia BIOS moja kwa moja ubadilishe, uiache iwake katika hali salama, kisha andika bcdedit /deletevalue safeboot na uwashe tena. Jua nywila ya akaunti yako kabla ya kuanza, kwani PIN huweza kukataliwa huko. Kama BitLocker (kifungio cha Windows kinachosimba data ya diski) inatumika, isimamishe kwanza, na uwe na ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 mahali pengine nje ya kompyuta hiyo.

SWALI: Nimechomeka kadi, SSD yangu ya M.2 imepotea. Draiva zimegongana?

JIBU: Hapana, hapa draiva haihusiki. Mazabodi nyingi hugawana njia za PCIe (njia za data za kadi na SSD) kati ya sloti ya M.2 na sloti nyingine, na moja ikijaa nyingine huzimwa. Kitabu cha mazabodi kina jedwali la mgao huo. Hamisha kadi.

SWALI: Kadi inafanya kazi, lakini nikinakili faili kubwa diski moja inapotea kisha inarudi. Nimeshajaribu draiva tatu.

JIBU: Acha draiva kwa sasa. Fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute tukio namba 129 kutoka storahci: maana yake Windows ilisubiri jibu la diski, likakosekana, ikalazimika kuianzisha upya. Halafu, kwa programu ya kukagua diski, soma SMART (rekodi ya afya) ya diski hiyo, kipengele C7, kinachohesabu makosa ya data njiani. Kikipanda kila unaponakili, badilisha kebo ya SATA. Kisipopanda, kagua umeme: diski kadhaa zinazoning'inia kwenye kigawanyio kimoja hukosa volti zinapofanya kazi pamoja. Viepuke vigawanyio vya Molex (plagi ya umeme ya zamani) kwenda SATA ambavyo plastiki yake imemiminwa juu ya waya. Vinajulikana kwa kuyeyuka.

SWALI: Diski ya zamani kwenye kadi mpya inaniambia "Initialize".

JIBU: Bofya Cancel. Ukikubali, Windows itaandika jedwali jipya la sehemu juu ya lile la zamani. Irudishe diski kwenye kontrola iliyotoka na usome data hapo. Kama ilikuwa ndani ya RAID, kontrola ya aina nyingine kwa kawaida haiutambui mpangilio wake.